Sahani ya roki na bilauri ya bia Malindi: kuvioanisha bila kushindwa na joto

Upande mmoja wa sahani ya santuri ya muziki wa roki ya miaka ya 1970 huenda kwa dakika 20 hivi. Bia iliyotoka kwenye friji na nyuzi joto 5, ikamiminwa barazani Malindi mwezi wa Februari, haimalizi dakika hizo ikiwa ileile. Wimbo wa mwisho ukifika imeshapanda nyuzi 6 au hata 8, gesi imepungua, na uchungu uliokuwa umefichwa na ubaridi umetoka nje. Miongozo ya watu wa nchi za baridi haikuona tatizo hili. Wao huchagua bia inayofanana na albamu, wakamaliza. Sisi tunachagua bia ambayo bado itanyweka sindano ikikaribia kati ya sahani. Kwa hiyo kanuni yetu ni bilauri moja ndogo kwa upande mmoja, na kila bia ipimwe kwa ladha yake ya mwisho.

Hesabu yake ni nyepesi. Chupa moja ya mililita 330 igawanywe kwa watu wawili, kila mmoja apate mililita 165 kwa upande wa kwanza. Chupa ya pili ingoje kwenye barafu hadi sahani igeuzwe. Chupa za mililita 500 zinafaa watu watatu. Albamu za sahani mbili, zenye pande nne, ziache kwanza. Ukifika upande wa nne hakuna tena anayesikiliza.

Kununua, na njia ya kutoka Nairobi

Bia nyingi za viwanda vidogo vya Kenya hutengenezwa Nairobi na viunga vyake. Hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, na kutoka Mombasa hadi Malindi ni 120 nyingine, na buti la basi mchana ni tanuri. Joto huzeesha bia: kila nyuzi 10 zikiongezeka, kuzeeka huenda mara mbili au tatu kwa kasi. Za kwanza kuumia ni zile zenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kwa sababu harufu ya hopsi ndiyo hufa mapema. Bia iliyozeeka huwa na ladha ya boksi lililolowa maji. Stauti nzito, ile bia nyeusi, huvumilia zaidi.

Ukiagiza, agiza kwa basi la usiku, chupa zikiwa ndani ya kasha la barafu na zimesimama. Soma tarehe. Ukinunua dukani, achana na chupa iliyokaa rafu ya mbele inayopigwa na jua au na taa nyeupe mchana kutwa. Mwanga huvunja chembe za uchungu wa hopsi na kutoa harufu ya kicheche, na hutokea haraka kuliko watu wanavyodhani. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huzuia kidogo, na nyeupe karibu haizuii kitu. Kopo halina tatizo hili kabisa, na kwa pwani tunalipendelea ingawa halipendezi mezani.

Na hili lijulikane mapema: kileo ni cha waliotimiza miaka 18, na aliyekunywa harudi nyumbani akiendesha pikipiki.

Kupoza

1. Saa sita kabla ya kusikiliza, weka chupa kwenye friji, sehemu ya chini, zikiwa zimesimama. Masimbi yatatulia chini.

2. Kama wageni wamekuja ghafla, tumia barafu, maji na chumvi: kilo 2 za barafu, maji ya kufunika mabega ya chupa, na konzi mbili kubwa za chumvi. Chumvi hushusha kiwango cha barafu kuyeyuka chini ya sifuri, na maji hugusa chupa pande zote, jambo ambalo barafu tupu bila maji haiwezi. Dakika 15 zinatosha. Chumvi si haba kwetu, mashamba yake yapo Gongoni hapo juu.

3. Usitegemee friza. Bia huanza kuganda karibu nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na chupa iliyosahaulika huko hupasuka. Ukilazimika, weka kengele ya simu ya dakika 20.

4. Barafu ya kupozea samaki ni rahisi kupata ufukweni, lakini hubeba harufu. Itumie kwa nje tu, chupa zikiwa na vifuniko, na suuza shingo kabla ya kufungua.

5. Bilauri isigandishwe. Kwenye unyevu wa Malindi bilauri ya baridi hutoa jasho mara moja, na jasho hilo huangukia jalada la sahani. Ioshe vizuri, isuuze sabuni yote, iache ikauke kwa kuinamishwa. Mafuta ya viazi karai mdomoni na kwenye bilauri huua povu, na povu ndilo linalobeba harufu.

Kipimajoto cha jikoni ni kitu kidogo chenye faida kubwa. Laga na pilsna: nyuzi 4 hadi 6. Bia ya ngano na IPA (bia yenye hopsi nyingi): 7 hadi 10. Stauti: 10 hadi 13.

Kupanga sauti

Nyumba za mawe na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, na mwangwi hufanya matoazi ya roki yawe makali masikioni. Tandika mkeka mnene au busati kati yako na spika, tundika leso mbili tatu ukuta wa nyuma. Spika mbili na kiti chako ziwe pembetatu, mita 2 kila upande, koni ndogo za juu zikiwa usawa wa masikio. Mashine ya santuri isikae meza moja na spika: mtikisiko wa besi hupanda kwenye sindano, ukarudi kwenye spika, na mwishowe ni mngurumo mtupu.

Banda la makuti ni zuri kwa sauti kwa sababu makuti humeza mwangwi, ila huangusha unga siku zote. Funika mashine hadi dakika ya mwisho, na pangusa sahani kwa brashi laini kabla ya kila upande. Sindano nyingi hutaka uzito wa gramu 1.5 hadi 2. Nyepesi mno huruka na kuchubua mfereji, kinyume na wanavyofikiri wanaopunguza uzito ili kuilinda sahani.

Wasio na mashine watumie simu na spika. Pakua albamu mapema, zima uchanganyaji wa nyimbo na zima uunganishaji wa mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine, kisha simamisha mahali upande wa kwanza unapoishia. Mapumziko hayo ndiyo nafasi ya kumimina. Usiyaruke.

Saa nzuri ni kuanzia saa mbili usiku, isha ikiwa imeshaswaliwa. Ukiwa mitaa ya Shela, milango imetazamana, sauti ikitoka kwako imeshaingia kwa jirani. Ishushe hadi muweze kuongea bila kupaaza. Adhana ikilia, zima. Ramadhani acha kabisa.

Albamu na vinywaji vyake

Tuanze na Queen, A Night at the Opera, iliyotoka Novemba 1975, kwa kuwa mwimbaji wake ni wa pwani hii. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, kwa wazazi Waparsi. Kinywaji chake ni bia ya ngano ya mtindo wa kusini mwa Ujerumani. Inanukia ndizi mbivu na karafuu, wala hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa. Ni hamira yake inayozalisha harufu hizo wakati wa kuchacha. Ikiwa baridi mno hunukii kitu. Ikipanda kutoka nyuzi 7 kwenda 12 karafuu ndiyo huchomoza, kwa hiyo joto la Malindi linakufanyia kazi badala ya kukuharibia.

Upande wa kwanza una nyimbo saba fupi zinazorukaruka, mimina mililita 165 zote kwa mpigo. Upande wa pili ni hadithi nyingine. Unaanza na wimbo wa dakika zaidi ya 8, na Bohemian Rhapsody haifiki hadi dakika ya 15 hivi. Ukimimina yote mwanzoni, wimbo mliouingoja utawakuta na bia ya uvuguvugu. Mimina nusu sahani inapoanza, rudisha chupa kwenye barafu, na nusu ya pili mimina piano ya wimbo huo inapoingia. Kabla ya kumalizia chupa, zungusha zile sentimita mbili za mwisho ili hamira iliyotulia ichanganyike, kisha imimine. Bila hiyo umekunywa nusu ya ladha. Jambo moja zaidi: katikati ya wimbo huo kwaya inaita "Bismillah" tena na tena. Baadhi ya wageni hawatapenda kuisikia wakiwa na bia mkononi. Kwenye baraza mchanganyiko, upande wa pili uwe wa ukwaju.

Black Sabbath, albamu ya kwanza ya kundi hilo, ilitoka Uingereza Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, na sehemu kubwa yake ilirekodiwa kwa siku moja. Inaanza kwa mvua, radi na kengele. Iweke wakati wa masika, mvua ikipiga paa. Stauti ndiyo yake, lakini hapa wengi hukosea. Watafiti wa hisia, akiwemo Charles Spence wa Oxford, wameonyesha kwamba watu huoanisha sauti nzito za chini na uchungu, na za juu na utamu. Ukichukua stauti kavu yenye uchungu mkali na kuiwekea gitaa zito namna hii, uchungu unajirudia juu ya uchungu. Chukua ya shayiri iliyotiwa oti au sukari ya maziwa, yenye utamu wa nyuma, na weka pembeni tende au kipande cha halwa. Itoe kwenye friji dakika 15 kabla. Ikiwa na kileo cha asilimia 7 au 8, mililita 100 kwa upande zinatosha. Korosho za kukaanga ni bora kuliko chochote chenye pilipili.

AC/DC, Back in Black, ya Julai 1980, haihitaji maelezo mengi. Ilirekodiwa Bahamas, visiwa vya joto na dhoruba, na haidai ustadi wa ulimi. Pilsna au laga, baridi kweli. Kelele kubwa hupunguza utamu tunaousikia mdomoni, na laga haina utamu mwingi wa kupoteza. Ubaya wake ni kwamba laga ikipata joto haisameheki, hivyo tumia bilauri za mililita 100 na ujaze mara kwa mara, chupa isitoke kwenye barafu.

Led Zeppelin, ile ya nne ya Novemba 1971: IPA, kama imefika ikiwa mbichi, yaani haijapita miezi mitatu tangu kutengenezwa. Muhogo wa kukaanga uwe wa chumvi na ndimu tu. Uchungu wa hopsi na kileo huchochea ukali wa pilipili, na baada ya vipande viwili hakuna anayeisikia tena ngoma ile ya wimbo wa mwisho, iliyorekodiwa chini ya ngazi za nyumba kubwa ya kale.

Mnazi na Pink Floyd

Hapa ndipo Malindi inawashinda wengine wote. Kinywaji cha fundi mdogo kipo pwani hii tangu zamani, na kiwanda chake ni mti. Albamu ni The Dark Side of the Moon ya Machi 1973, dakika 43, inayoanza na kuishia kwa mapigo ya moyo na kubeba katikati yake wimbo mzima kuhusu wakati unaoponyoka. Mnazi, au tembo, nao ni kinywaji cha wakati. Maji ya karara yanapodondoka ni matamu na karibu hayana kileo. Hamira ya hewani huyaingia humohumo kibuyuni, na saa chache baadaye yana asilimia 4 au 5. Yakilala mara mbili yanaelekea siki.

Mgema hupanda asubuhi na jioni. Unachotaka ni vyote viwili: tembo la asubuhi, ambalo kufika usiku limekuwa kali na chachu kidogo, na tembo la jioni, ambalo bado ni tamu. Kwa watu wawili, nusu lita ya kila moja. Upande wa kwanza mnywe la jioni, upande wa pili mnywe la asubuhi. Ni mti uleule, lakini mdomoni ni vinywaji viwili, na tofauti yake mtaisikia vizuri zaidi kuliko bia mbili za chapa tofauti.

Namna ya kulishughulikia:

1. Mwagize mgema siku moja kabla, pande za Ganda kwenye minazi, na mwambie unataka la mti mmoja lisilochanganywa. Tembo lililotiwa maji hujulikana kwa wepesi wake na povu linalokatika mara moja. Msemo wa mgema na sifa mnaujua, basi sifa ziwe baada ya kuonja. Usinunue kwa usiyemjua, na usikubali kamwe lililoongezewa pombe nyingine ya kukoleza.

2. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa. Nyuki na sisimizi hufia humo.

3. Usikaze kifuniko. Tembo bado linachacha na gesi haina pa kwenda. Chupa ya plastiki iliyokazwa huvimba, na ya kioo hulipuka. Legeza kifuniko robo mzunguko, na chombo kisijae, acha vidole vinne.

4. La jioni liwekwe kwenye barafu mara linapofika, ili uchachu upungue kasi. La asubuhi likae kivulini hadi saa kumi na moja jioni, kisha nalo liingie kwenye barafu.

5. Lihudumiwe likiwa na nyuzi 12 hadi 15. Vipande vya barafu visiingie ndani ya kata. Ukivitia, mgema hana lawama tena.

Weka miguu ya meza kwenye visahani vya maji. Sisimizi hufuata utamu wa tembo hadi kwenye mkono wa mashine.

Yanayoharibika

Sahani kupinda ndiyo ajali ya kila mwaka. Plastiki yake haihitaji moto. Saa moja ndani ya gari lililofungwa juani, au kwenye kiti cha tuktuk iliyoegeshwa, yatosha. Sahani zihifadhiwe wima, mbali na ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Iliyopinda kidogo huchezeka. Iliyopinda sana usijaribu kuinyoosha kwa pasi.

Kusi na masika huleta ukungu. Osha kwa maji yaliyotoneshwa, tone la sabuni ya vyombo na spiriti kidogo, ukifuata mzunguko wa mifereji, kisha ikauke kivulini. Ila spiriti ni kwa sahani za plastiki za mizunguko 33 na thuluthi kwa dakika. Kama nyumbani kuna sahani za zamani nzito za mizunguko 78, kama zile za enzi za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zimetengenezwa kwa lakiri, na spiriti huiyeyusha.

Stima ikipotea, inua mkono wa sindano kwanza, kisha chomoa waya. Stima hurudi kwa kishindo. Chumvi ya hewani hula plagi za waya za sauti; spika moja ikianza kukatika, chomoa plagi na uzisugue kwa kitambaa kikavu kabla ya kumwita fundi.

Kwa wasiokunywa

Kanuni ni ileile. Black Sabbath ipewe kahawa tungu yenye tangawizi, kwenye vikombe vidogo vya kahawa, kwa sababu kinywaji cha moto nacho hupoa ndani ya dakika chache. Queen na Led Zeppelin zinakwenda na ukwaju: loweka gramu 100 kwa lita moja ya maji moto kwa nusu saa, vinya, chuja, tia sukari gramu 80, chumvi kidogo na pilipili manga ya kusaga. Usizidishe sukari, nyimbo za sauti nyembamba za juu huufanya utamu uonekane mkubwa zaidi. AC/DC ipewe maji ya tangawizi yenye ndimu na soda. Pink Floyd tunaipa dafu, lipasuliwe upande wa kwanza unapoisha na si kabla.

Tembo likibaki usiku huo usilimwage. Limimine kwenye mtungi wa kioo, funika kwa kitambaa badala ya kifuniko, liweke kabatini, na baada ya majuma matatu au manne onja: likishakuwa kali bila harufu ya pombe, ni siki ya achari ya maembe.